Fujo Ikiwa Chini, Tazama Juu

Nilifika Nyakato, Mwanza, nikijiona fundi. Miaka sita nilikuwa nimeshonea barazani kwa mama, mjini Nansio kisiwani Ukerewe, kwenye cherehani cha miguu cha Butterfly ambacho rangi yake ya dhahabu ilishafutika yote isipokuwa bawa moja la yule kipepeo. Nilishona vitenge, mashati ya kwaya, sare za watoto wa jirani, mpaka turubai la kufunikia mtumbwi wa kaka. Shangazi aliponipigia kwamba kuna mama mmoja Mwanza ana karakana ya sare za shule na anatafuta washonaji, nilipanda meli ya asubuhi na mkasi wangu nimeufunga ndani ya kanga. Kabla hatujatia nanga nilikuwa nimeshautumia mshahara wa mwezi wa kwanza, kichwani.

Mama mwenye karakana hakuniuliza nimeshona miaka mingapi. Alisema "Mwangaluka," nikamwitikia kwa shikamoo, maana mimi ni Mkerewe na Kisukuma changu ni cha sokoni tu. Akanikalisha kwenye mashine ya pili kutoka dirishani. "Haya mwanangu, nishonee mstari mmoja."

Nikakanyaga kama ninavyokanyaga nyumbani. Mashine ikatoka mbio. Kitambaa kilichuruzika mikononi kama samaki mbichi, mstari ukaenda kombo, uzi ukakatika, na mimi nikanyanyua miguu yote miwili juu kama mtu aliyeona nyoka uvunguni. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaweka kazi chini. Mama hakucheka. Alichana karatasi kwenye daftari la shule, zile zenye mistari, akachomoa uzi wote juu na chini, akafunga sindano kuukuu. "Shona hii. Fuata mistari. Daftari likiisha ndiyo tutaongea habari ya kitambaa."

Nilishona karatasi siku tatu. Watu wakiniuliza nilianzaje kazi ya kiwandani huwa nawaambia hivyo, nao hudhani natania. Lakini shida yangu haikuwa mikono, ilikuwa mguu. Cherehani cha nyumbani hakina nguvu yoyote isipokuwa yako: ukichoka, nacho kimechoka. Mota ya zamani ya mashine ya kiwandani, ile yenye klachi, haikungoji. Ukiwasha swichi inaanza kuzunguka na inaendelea kuzunguka, inavuma chini ya meza hata kama umekaa unakunywa chai. Bati la mota yangu liliandikwa mizunguko 2,850 kwa dakika. Kazi ya mguu ni kuikutanisha tu ile mbio iliyokwisha kuwepo na mkanda unaokwenda juu. Ukikanyaga kwa pupa, unapewa yote. Kwa hiyo unajifunza kukanyaga robo, kisha nusu, kisha kuachia kabla hujafika unapotaka kusimama. Karatasi haidanganyi. Unainyanyua dirishani, mwanga unapita kwenye vitundu, na unaona pale ulipoogopa na pale ulipojisahau.

Siku ya nne nikapewa uzi.

Hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Uzi unatoka kwenye koni iliyosimama nyuma ya meza, unapanda wima mpaka kwenye kitanzi cha waya kilicho juu yake. Wima kabisa, usiwe umeinama, la sivyo kila mzunguko koni inauvuta na kuuachia, na mshono unakuwa mara umekaza mara umelegea. Kutoka hapo unashuka kichwani mwa mashine, unapita kwenye kijiti chenye matundu, halafu unaingia katikati ya sahani mbili ndogo za chuma zinazobanwa na springi. Hapo ndipo penye breki ya uzi. Unazunguka, unapita kwenye kiwaya chembamba kinachorukaruka, unapanda kwenye mkono ule unaopanda na kushuka, unarudi chini kwenye vishikizo viwili vitatu, kisha sindano.

Na sindano ndiyo iliyonivua nguo mbele za watu.

Miaka yote sita vidole vyangu vilijua jambo moja: uzi unaingia sindanoni kutoka kulia kwenda kushoto. Sindano ya nyumbani kichwa chake kina upande bapa, kwa hiyo hata mtoto hawezi kuifunga vibaya. Sindano ya mashine ya kiwandani, ile ambayo pakiti yake imeandikwa DBx1, kichwa chake ni mviringo. Unaweza kuifunga itazame popote, nayo itakaa kimya na kukukubalia. Nikaigeuza ili nitunge uzi kwa namna niliyoizoea, kutoka kulia. Nikakanyaga. Vitundu vikatokea kwenye kitambaa, vizuri, vimepangana, ila hapakuwa na mshono hata mmoja. Nikabadilisha koni. Nikabadilisha bobini. Nikalaumu uzi wa Kichina, nikalaumu kitambaa, nikaanza kuilaumu mashine yenyewe kwa sauti.

Dada aliyekaa jirani yangu, mtu wa Sengerema, alivumilia karibu nusu siku. Mwishowe akanyoosha mkono bila kuacha kazi yake. "Mdogo wangu, itoe hiyo sindano. Pitisha kucha."

Nikapitisha kucha. Upande mmoja kucha ikatumbukia kwenye mfereji mrefu, kutoka juu mpaka kwenye tundu. Upande wa pili hapakuwa na mfereji, bali sehemu iliyochongwa kidogo, kama ulimi, juu tu ya tundu. "Mfereji ni njia ya uzi unaposhuka," akasema. "Kwenye mashine hizi uangalie kushoto. Pale palipochongwa pawe kulia, maana huko ndiko inakopita ndoano inayonasa uzi chini. Uzi utie kutoka kushoto." Kinyume kabisa cha nyumbani. Nikafunga, nikatunga, nikazungusha gurudumu kwa mkono kuelekea kwangu, na mshono wa kwanza ukakaa. Nilikuwa nimetoboa kitambaa kilichotosha sketi mbili.

Kuhusu pakiti za sindano, jambo moja kisha niendelee. Ukitumwa mjini kununua, nenda na sindano iliyovunjika mfukoni. Mimi niliwahi kupanda daladala mpaka Makoroboi nikarudi na pakiti nzima ya sindano ambazo kichwa chake ni kinene, hazikuingia hata kwenye tundu la mashine. Muuzaji hakunidanganya. Nilimwambia "namba 14" na namba 14 ndiyo aliyonipa, ila namba hiyo ni unene wa sindano, haisemi ni sindano ya mashine gani.

Sasa lile jambo la fujo.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa Januari. Wanaojua karakana za sare wanajua wiki hiyo: hakuna anayelala, mama wa watoto wamejaa mlangoni, na kila mmoja ana mtoto anayeanza la kwanza. Mimi nilikuwa na sketi za bluu, marinda boksi, rundo linalonifikia kiunoni. Saa mbili usiku koni ikaisha. Nikaweka nyingine, nikatunga haraka, nikakanyaga. Juu mshono mzuri, umenyooka. Nikageuza kitambaa. Chini kulikuwa na kitu kama kiota cha ndege. Nyuzi zimejikunja, zimevurugana, zimeingia mpaka kwenye meno yanayosukuma kitambaa.

Nikakata, nikasafisha, nikajaribu tena. Kiota.

Akili yangu ilifanya hesabu ambayo kila anayeanza huifanya: fujo iko chini, basi ugonjwa uko chini. Nikachomoa ile keisi ya chuma inayoshika bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Kuna skrubu mbili ndogo pale, moja inabana kijibati ambacho uzi unapita chini yake. Nikaikaza. Kiota. Nikaikaza zaidi. Kiota, na sasa uzi wa chini unakatika. Nikailegeza ili nirudi nilipoanzia, lakini nilikuwa sikumbuki nilianzia wapi. Nikalegeza tena kidogo, skrubu ikatoka, ikaruka. Wewe unayesoma, kama hujawahi kuiona skrubu ile, fikiria punje ya uwele. Ilidondoka kwenye sakafu ya saruji iliyojaa mabaki ya uzi na vitambaa, saa tatu usiku, zimebaki sketi arobaini.

Tuliitafuta kwa sumaku ya spika ya redio. Tulipata pini, tukapata vipande vya sindano, tukapata shilingi mia mbili. Skrubu hatukuipata. Mama alinitazama tu, akampigia simu Mzee.

Mzee huyu ndiye aliyekuwa mganga wa mashine zetu. Alifanya kazi kiwanda cha nguo ujana wake, enzi pamba ya Usukumani ilikuwa ikisokotwa na kufumwa hapahapa, na kiwanda kilipomwacha yeye hakuziacha mashine. Alikuja kesho yake alfajiri na baiskeli, begi la ngozi na bisibisi tatu. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Nani kafungua keisi?"

"Ni mimi, babu."

"Kwa nini?"

"Fujo ilikuwa chini."

Hakusema neno. Akatoa kwenye begi keisi nyingine, akaweka bobini, akashika ncha ya uzi na kuiacha keisi ining'inie hewani kama buibui. Haikushuka. Akatikisa mkono kidogo, ikashuka kama upana wa vidole viwili, ikasimama. "Hii ndiyo iliyo sawa. Ikishuka yenyewe, imelegea. Ukitikisa isishuke, imekaza. Na yako ya jana ilikuwa sawa, kwa sababu mchana kutwa umeshona nayo. Sasa niambie. Ulipotunga uzi mpya, mguu wa mashine ulikuwa juu au chini?"

Sikukumbuka. Mguu wa mashine, yaani kile kipande kinachokandamiza kitambaa, mimi niliuona kama hauhusiani na uzi.

Akaniita nikae karibu. Akaunyanyua mguu, akavuta uzi: ukaja laini, bila kizuizi. Akaushusha, akavuta tena: uzi ukagoma, sindano ikapinda kidogo. Kumbe mguu ukiwa juu, zile sahani mbili hufunguka. Ukiwa chini, hufunga. Mimi nilitunga uzi mguu ukiwa chini, sahani zimefumba, kwa hiyo uzi ulipita juu juu yake badala ya kuzama katikati. Ulionekana umetungwa, lakini haukushikwa na kitu chochote.

Kisha akanieleza lile ambalo lilinifanya nianze kuipenda kazi hii. Kila mshono, ndoano iliyo chini inavuta kitanzi cha uzi wa juu na kukizungusha bobini nzima. Kitanzi hicho ni kikubwa, kinapita nyuma ya keisi yote. Baada ya hapo ule mkono wa juu unapanda ili kukivuta kirudi kikaze mshono. Lakini mkono unapopanda, unavuta uzi kutoka upande ulio rahisi. Kama sahani zimeushika uzi, upande rahisi ni chini, na kitanzi kinapanda. Kama sahani hazijaushika, upande rahisi ni nyuma, kwenye koni: mkono unavuta uzi mpya, na kitanzi kinabaki kulekule chini. Mshono unaofuata kinaongezeka kingine. Na kingine. Hicho ndicho kiota.

"Fujo ikiwa chini, tazama juu," akasema. "Ikiwa juu, tazama chini. Na kabla hujatazama popote, toa uzi wote utunge upya. Bisibisi ni ya mwisho."

Alinifanyia jaribio moja ambalo mpaka leo nalifanya kila ninapokaa kwenye mashine nisiyoijua. Aliweka uzi mwekundu juu na mweupe chini, akashona kipande cha shuka kuukuu. Nyuzi zikikutana ndani ya kitambaa, juu utaona wekundu mtupu na chini weupe mtupu. Ukiona vidoa vyeupe juu, uzi wa juu umekaza mno au wa chini umelegea. Vidoa vyekundu vikitokeza chini, kinyume chake. Kwa nyuzi za rangi moja unaweza kubishana mpaka jioni, lakini hizi mbili zinakuonyesha mara moja.

Kidole changu nacho kina hadithi yake, niiseme kwa kifupi. Nilizima swichi ili nitunge uzi kwenye sindano, kama mtu mwenye akili. Ila mota ya klachi ukiizima haisimami hapohapo, bado ina mbio zake, na mimi mguu nilikuwa nimeupumzisha kwenye pedali. Nilipoinama nitazame tundu, mguu ukazama kidogo. Sindano ikashuka mara moja tu, ikapita kwenye ukucha wa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Zahanati wakanichoma ya pepopunda, sindano juu ya sindano. Sasa nikizima huwa nasubiri mpaka mvumo uishe kabisa, na miguu naiweka sakafuni, pembeni, ninapoiona. Mama baadaye alifunga mota za sevo kwenye mashine tatu, hizo hazizunguki mpaka ukanyage na mwendo wake unaupunguza kwa kitufe. Wasichana walioanzia kwenye sevo hawajawahi kushona daftari, nami huwa nawaonea wivu na huruma kwa pamoja.

Baada ya yale ya Mzee nikawa na imani kali ya kutunga upya. Mashine ikikohoa, natoa uzi. Na mara nyingi sana huo ndio ulikuwa mwisho wa ugonjwa. Mashine ikiruka mishono nabadilisha sindano kwanza, hata kama inaonekana nzima: naipitisha kwenye soksi ya nailoni, ikikwaruza naitupa. Kitambaa cha sketi kina poliesta nyingi na kinaila ncha upesi, na sindano butu utaisikia kabla hujaiona, inagonga tuk-tuk badala ya kupita kimya. Uzi ukikatikakatika natazama kama kuna kipande cha uzi wa zamani kimenasa kati ya sahani. Mara moja ilikuwa hivyo, kipande kirefu kama ukope.

Mafuta sina mengi ya kusema. Chini ya kichwa cha mashine kuna bakuli lenye alama mbili, ya juu na ya chini, na mafuta yawe katikati. Kuna kidirisha kichwani, mashine ikikimbia uyaone yanarukia pale. Msichana mmoja aliwahi kujaziliza mafuta ya alizeti baada ya yale meupe kuisha. Yaliganda kama gundi, na Mzee alikaa na mashine ile siku mbili bila kuongea na mtu.

Ovaloki, mashine ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke, ndiyo iliyonipunguzia kiburi kipya. Ile ina koni tatu au nne au tano, na ndani ina vyuma viwili vilivyopinda vinavyobeba uzi, mafundi huviita lupa, ya juu na ya chini. Uzi ukiisha, usiuchomoe kamwe: unakata karibu na koni, unafunga mpya kwenye wa zamani, unavuta polepole mpaka fundo lifike karibu na sindano, unalikata hapo, unatunga mkononi. Hilo nilifundishwa mapema. Ambalo sikufundishwa ni kwamba uzi wa lupa ya chini ukikatika katikati ya kazi, huwezi kuutunga peke yake ukaendelea. Nilifanya hivyo. Ukakatika. Nikatunga tena, ukakatika baada ya mishono miwili. Kutwa nzima. Dada wa Sengerema alipokuja kutazama akauliza, "Sindano umeitoa uzi?" Uzi wa sindano ulikuwa umetangulia, umeshajilaza juu ya lupa, na wangu mpya ulipita chini yake ukabanwa. Ukitoa uzi wa sindano kwanza, ukatunga lupa, kisha ukamalizia sindano, basi. Dakika tano.

Halafu ikaja siku ambayo kutunga upya hakukusaidia.

Nilikuwa napitisha mkanda wa sketi juu ya marinda, pale yanapokutana, tabaka nane za kitambaa. Badala ya kuzungusha gurudumu kwa mkono nikakanyaga. Sindano ikavunjika kwa mlio wa risasi. Nikaweka mpya, nikapitisha kucha, mfereji kushoto. Nikatunga mguu ukiwa juu. Nikakanyaga: vitundu, mshono hakuna. Nikatunga tena. Nikabadilisha bobini. Nikasafisha. Safari hii sikugusa skrubu yoyote. Nilikaa na mikono mapajani nikamsubiri Mzee, na nilipomwambia nilivyofanya akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, akatoa bisibisi.

Alifungua bati la sindano na kuondoa meno, akanipa simu yake nimulike. "Zungusha. Taratibu. Tazama uzi, usitazame sindano."

Sindano ikashuka mpaka mwisho wake. Ilipoanza kupanda, uzi ulio upande wa kulia, pale palipochongwa, ukafura. Kijitanzi kidogo, kama kope la mtoto linavyofunguka. Kilikaa hapo kwa muda ambao sindano inapanda milimita mbili hivi, na ndani ya muda huo ncha ya ndoano inatakiwa iwe imefika, juu kidogo ya tundu la sindano, karibu sana lakini bila kuigusa, nafasi isiyozidi unene wa karatasi. Yetu ilichelewa. Ile sindano ilipovunjika ilikuwa imeisukuma ndoano ikateleza kwenye shafti yake, na sasa ilifika kitanzi kikiwa kimeshanyooka na kutoweka.

Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa, anajua habari za kuwahi na kuchelewa. Nikamwambia Mzee, "Kumbe hapa chini watu wanavua."

"Wanavua," akasema, "mara elfu kadhaa kwa dakika. Na samaki hasubiri."

Akalegeza skrubu za ndoano, akanishikisha gurudumu niishike sindano mahali pake, yeye akaisogeza ndoano kwa kidole, kidogo, mpaka ncha ikakutana na kitanzi. Akakaza ya kwanza. Akaniambia nizungushe tena. Tulizungusha mara kumi, mara kumi zote kikanaswa. Akanipa bisibisi nikaze zilizobaki. Mkono ulinitetemeka kuliko siku ile ya kwanza.

Juni hiyo nilikwenda nyumbani. Mwezi ulikuwa mkubwa, wavuvi wa dagaa wamepumzika, kaka yupo, na mama alikuwa na kitenge cha kushonea harusi ya jirani. Nikamwambia apumzike, nitamshonea mimi. Nikakaa kwenye kile cherehani cha kipepeo, nikakanyaga robo, nikangoja. Hakikwenda popote. Nikakumbuka kwamba hapa mota ni mimi. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, kikaanza kuimba, na uzi ukakatika. Nikatunga. Ukakatika. Nikatoa uzi wote, nikaunyanyua mguu, nikatunga upya kwa utaratibu wote wa Mzee, kikaruka mishono sita na uzi ukakatika.

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akavaa miwani, akauchomoa uzi sindanoni ambako nilikuwa nimeutia kutoka kushoto, akautia kutoka kulia. Akajaribu mishono mitatu. Ikakaa.

"Na huko Mwanza," akaniuliza, "wanakulipa kwa kazi hii?"